Karo za Zamani na Pambo la Nyumba Mjini Lubumbashi: Mchango kwa Historia ya Makazi

0. Utangulizi

Anayeingia katika sebule ya nyumba ya zamani mjini Lubumbashi hukuta mara nyingi vitu vya nyakati mbalimbali vikikaa pamoja. Televisheni ni ya juzi, viti ni vya miaka kumi iliyopita, mapazia yameshonwa mwaka huu. Sakafu peke yake yatoka mbali: karo za rangi mbili au tatu, zenye maua au pembe za nyota, zilizotandazwa kabla ya mwenye nyumba kuzaliwa. Hakuzichagua. Amezikuta.

Tangu biashara ya migodi ilipofufuka baada ya Sheria ya Migodi ya mwaka 2002, karo mpya zinazong'aa zimejaa madukani, nazo huingia kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kwa sababu hiyo wenye nyumba wengi wanakabiliwa na swali moja: je, sakafu ya zamani ing'olewe, au pambo lote la nyumba lipangwe upya ili lipatane nayo? Wengi hulichukulia swali hili kuwa la fedha na la ladha tu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ni swali la historia pia. Tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1910, karibu kila kizazi cha wakazi wake kimepamba nyumba juu ya sakafu iliyochaguliwa na mtu mwingine. Tukifuata jinsi kila kizazi kilivyopatana na sakafu hiyo, tutaona mambo ambayo maandishi ya kampuni na ya serikali hayakuyatilia maanani.

Tutaanza na maneno, kisha tutaeleza karo yenyewe ilivyotengenezwa, na baadaye tutapitia vipindi vitatu hadi kufika kwenye swali la leo.

1. Maneno

Neno «sakafu» limetoka katika Kiarabu, ambako «saqf» ni paa au dari. Jambo hili laweza kumshangaza msomaji wa bara: imekuwaje kitu cha juu kikawa cha chini? Jibu limo katika nyumba za mawe za pwani. Huko mafundi walipanga boriti za mikandaa, wakaweka mawe juu yake, kisha wakamwaga chokaa na kuipigapiga mpaka ikawa ngumu. Paa la chumba cha chini likawa ndipo mahali pa kukanyaga kwa aliye juu. Kwa hiyo neno halikupotea njia. Nyumba ndiyo iliyoliteremsha. Lilipofika Katanga, ambako nyumba za kawaida hazikuwa na ghorofa, maana ya paa ilikuwa imekwisha kuachwa nyuma.

«Saruji» ni neno la asili ya Kiajemi. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, wasemaji wengi husema «sima», kutoka Kifaransa, nalo latumika vilevile kwa majirani wa Rwanda na Burundi. Mtu wa Mombasa akisikia kwamba nyumba imejengwa kwa sima atacheka, kwani kwake sima ni chakula, ndicho sisi wa Lubumbashi tunachokiita bukari.

Lililo muhimu zaidi kwa somo letu ni «karo», kutoka Kifaransa «carreau». Kwenye pwani na Tanzania neno lenye umbo hilohilo lataja mahali pa kuoshea vyombo, na Kenya lataja ada ya shule. Kwetu ni kipande cha mraba cha kutandaza sakafuni au ukutani. Kiswahili sanifu kina «kigae», ambalo kwanza ni kipande cha chungu kilichovunjika, na Watanzania wengi husema «marumaru» hata kama hakuna jiwe la marumaru ndani yake. Tofauti hizi si za bahati tu. Kigae chakumbusha mfinyanzi, marumaru yakumbusha jiwe la thamani, na karo yakumbusha fundi aliyefanya kazi chini ya msimamizi wa Kibelgiji. Kila eneo limetunza katika neno lake njia ambayo kitu kilipita.

2. Karo ya saruji ilivyotengenezwa

Sakafu za zamani za mji wetu ni za aina tatu hasa: karo za udongo uliochomwa, karo za saruji zenye rangi, na granito. Inafaa tukae kidogo juu ya aina ya pili, kwa maana ndiyo inayoleta mashauri mengi.

Karo ya saruji haichomwi motoni. Ilienea Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19, hasa kutoka kusini ya Ufaransa na Katalunya, baada ya viwanda kupata saruji nzuri na mashine za kukandamiza kwa nguvu ya maji. Fundi huchukua kalibu ya chuma, akaweka ndani yake kigawanyo cha bati chenye vyumba vidogo vinavyofuata mchoro. Katika kila chumba humimina uji wa saruji nyeupe, unga wa marumaru na rangi. Kigawanyo huinuliwa taratibu, rangi zikabaki mahali pake. Juu yake hunyunyiziwa saruji kavu, kisha hutiwa mchanganyiko mzito wa saruji na mchanga, na mashine hukandamiza vyote pamoja. Baadaye karo hulowekwa majini na kuachwa ikomae kwa majuma kadhaa. Upana wa kawaida ni sentimita 20 kwa 20, na unene ni kama sentimita 2.

Kutokana na utengenezaji huo yatoka mambo mawili ambayo mwenye nyumba hana budi kuyajua. La kwanza, rangi haikupakwa juu: imeingia ndani milimita 3 au 4, hata ikikanyagwa kwa miaka 70 yaweza kusuguliwa ikarudi kung'aa. La pili, saruji huliwa na asidi. Ndimu, siki na dawa kali za kusafishia choo huacha madoa meupe yasiyotoka. Karo nyingi zinazosemwa kuwa zimezeeka hazikuzeeka. Ziliunguzwa na dawa isiyofaa.

Granito nayo ni vipande vidogo vya marumaru vilivyochanganywa na saruji, vikamwagwa na kusuguliwa kwa jiwe mpaka uso ukawa laini. Ndiyo sakafu ya ngazi na majumba ya miaka ya 1950. Fundi wa siku hizi mwenye mashine ya kusugua aweza kuifanya mpya kwa siku chache.

3. Sakafu kama cheo (1910–1960)

Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ikaanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Mji uligawanywa: upande mmoja makazi ya Wazungu, upande mwingine mitaa ya Waafrika na kambi za kampuni, na katikati yao ukanda uliokatazwa kujengwa. Sakafu zilifuata mpaka huo. Katika nyumba za wakubwa na majengo ya umma zilitandazwa karo na granito. Kambini, nyumba za matofali zilipojengwa baada ya siasa ya kuwaimarisha wafanyakazi na jamaa zao kuanza mnamo 1927 na 1928, sakafu ya kawaida ilikuwa saruji tupu. Kwa mgeni aliyetoka kijijini, saruji hiyo ilikuwa tayari badiliko kubwa. Kwao mama alizoea kusiriba sakafu ya udongo kwa mikono yake, akiifanya upya kila ilipopasuka. Sakafu ya udongo ilikuwa kazi ya mwenye nyumba. Sakafu ya saruji ilikuwa mali ya mwajiri.

Walioijua karo kwa karibu kuliko wote walikuwa watumishi wa nyumbani, walioitwa maboyi. Bwana aliikanyaga, boyi aliipiga magoti, akaipaka nta na kuisugua kila asubuhi. Katika historia ya mji wetu kuna ushahidi wa pekee juu ya watu hao: «Vocabulaire de ville de Élisabethville», maandishi ya mwaka 1965 yaliyokusanywa na André Yav kwa ajili ya jamii ya watumishi wa zamani, nayo yameandikwa kwa Kiswahili cha mji. Johannes Fabian aliyachapisha na kuyaeleza mwaka 1990. Thamani yake kwetu ni kwamba yanautazama mji kutoka ndani ya nyumba za Wazungu, kwa macho ya yule aliyezisafisha.

Baada ya vita vya pili vya dunia, pambo la nyumba liligeuka kuwa mtihani. Kadi ya sifa za uraia iliwekwa mwaka 1948, na hati ya kuandikishwa miongoni mwa waliohesabiwa kuwa wastaarabu ikapangwa upya mwaka 1952. Aliyeomba alitembelewa nyumbani na wakaguzi. Walitazama meza, vyombo vya kulia, vitanda vya watoto, choo. Wakati huohuo vituo vya jamii vilivyoitwa «foyers sociaux» viliwafundisha wanawake kushona, kufuma na kupanga sebule kwa mfano wa nyumba ya Ubelgiji. Nancy Rose Hunt ameeleza vizuri kituo cha Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, katika makala yake ya mwaka 1990.

Hapa ndipo ilipozaliwa desturi inayodumu hata leo: vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, vikitandazwa juu ya migongo ya viti, juu ya meza na juu ya redio. Wengi huviona kama uigaji tu. Sisi twaona neno lingine ndani yake. Mama wa kambini hakuweza kubadili sakafu, wala kuta, wala mlango. Vyote vilikuwa vya kampuni. Aliweza kubadili kile tu kinachobebeka. Kitambaa kilikuwa pambo la mtu asiye na nyumba yake, na siku ya kuhamishwa alikikunja akaenda nacho.

4. Kurithi sakafu ya mwingine (1960–1990)

Uhuru wa mwaka 1960, kujitenga kwa Katanga hadi Januari 1963, na kutaifishwa kwa Union Minière mwaka 1967 vilibadilisha wakaaji wa nyumba kubwa. Maofisa, walimu wa chuo kikuu na wakuu wa kazi wa Kikongo waliingia katika nyumba zilizotandazwa karo. Hatua za tarehe 30 Novemba 1973, zilizowakabidhi raia wa Zaire biashara na mali za wageni, ziliongeza mwendo huo. Watoto wa walioisugua sakafu wakawa ndio wanaokaa juu yake.

Walifanya nini nayo? Hawakuing'oa. Waliipa sebule maana nyingine kwa kutumia kuta. Miaka ya 1960 na ya 1970 ilikuwa enzi kubwa ya wachoraji wa mji, ambao waliuza michoro yao kwa bei ambayo mfanyakazi aliimudu. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, walioandika juu ya michoro hiyo mwaka 1976, walionyesha kwamba ilinunuliwa ili itundikwe sebuleni, na kwamba wenyeji walieleza kazi yake kwa neno moja: ukumbusho. Kulikuwa na mambamuntu, mwanamke-samaki anayeahidi utajiri. Kulikuwa na «Colonie Belge», ambapo askari humchapa mfungwa mbele ya ofisa wa Kibelgiji. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, alikwenda mbali zaidi, akachora historia yote ya nchi kwa mfuatano.

Tufikirie sebule hiyo. Chini kuna karo zilizowekwa na Mbelgiji. Ukutani kuna mchoro wa Mbelgiji akisimamia kiboko. Hakuna aliyekusudia kuviunganisha viwili hivi, lakini vilikaa pamoja miaka mingi, na mgeni aliyeketi alivitazama vyote kwa mara moja. Huu ndio upatanisho wa kwanza wa kweli baina ya pambo na karo za zamani mjini mwetu. Sakafu iliachwa iseme yake, na ukuta ukaijibu.

5. Sebule tupu (1990–2003)

Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 uporaji ulipita mijini. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mnamo 1994 ilitoa chini ya tani 50,000. Mishahara ilichelewa kwa miezi, na baadaye kwa miaka. Katika miaka ya 1992 na 1993, jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, zikaacha au kuuza kwa bei ya kutupwa vyombo vilivyokusanywa kwa maisha yote.

Historia ya pambo katika miaka hiyo ni historia ya vitu vinavyotoka. Redio ilitangulia, viti vikafuata, kisha friji, kisha vitanda. Wanahistoria wa chuo chetu, na hasa Donatien Dibwe dia Mwembu katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya «Bana Shaba» walioachwa na baba yao, wameeleza jinsi mfanyakazi aliyezoea kusema kwamba kazi ndiyo baba na ndiyo mama alivyojikuta yatima. Sakafu ilibaki kwa sababu moja tu: haikuuzika. Katika nyumba nyingi, karo zilizokuwa zimefichwa chini ya viti na mazulia zilionekana zote kwa mara ya kwanza, na akina mama waliendelea kuzipangusa kila asubuhi. Usafi wa sakafu ukawa pambo la mwisho la asiye na kitu.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Katika kipindi hicho nyumba nyingi za kampuni zilihamia mikononi mwa waliozikaa. Kwa mara ya kwanza, mtu wa kambini na mtu wa nyumba ya karo wote wawili waliweza kusema: sakafu hii ni yangu. Swali la leo lilizaliwa hapo, kwa kuwa asiye mwenye nyumba haulizi kama ang'oe.

6. Kung'oa, kufunika au kupatanisha

Wenye nyumba wa siku hizi hufuata mojawapo ya njia tatu.

Njia ya kwanza ni kung'oa. Ni ya gharama na ya vumbi, na mara nyingi karo ya saruji imeshikamana na zege kiasi kwamba haitoki nzima. Wapo wasiokubali kuisikia hoja ya historia, nao wana haki yao. Mtu ambaye baba yake alipiga magoti juu ya karo hizo kwa miaka 30 aweza kuziona kama jeraha. Hatuna ruhusa ya kumwamuru aishi juu yake kwa ajili ya utafiti wetu.

Njia ya pili ni kufunika: zulia la plastiki, rangi ya mafuta, au karo mpya juu ya karo za zamani. Hii ya mwisho huinua sakafu, milango ikakwama, na hatari ya kujikwaa ikazaliwa baina ya chumba na chumba. Rangi ya mafuta nayo haidumu penye unyevunyevu.

Njia ya tatu ni kupatanisha. Inadai kutazama kabla ya kununua. Karo yenye rangi tatu huwa na moja iliyofifia, kijivu au rangi ya maziwa. Hiyo ndiyo yafaa kupewa ukuta. Rangi yenye nguvu zaidi, kama nyekundu ya matofali, yatosha kurudiwa mahali padogo, kwa mfano katika mito ya viti au ukingo wa pazia. Kosa la kawaida ni kutafuta rangi inayokaribia ile ya karo bila kuifikia, hata sakafu ikaonekana chafu kando ya kitambaa kipya. Kosa la pili ni kuongeza maua juu ya maua. Penye sakafu yenye michoro, pazia la rangi moja hupumzisha macho, na kitenge chenye nakshi kubwa chafaa kubaki nguoni. Zulia dogo katikati, likiacha ukingo wa karo uonekane pande zote, hupunguza kelele ya sakafu bila kuificha. Viti vya miguu myembamba huacha mchoro upite chini yake. Viti vizito vya ngozi, vinavyopendwa sana sasa, huukata vipandevipande.

Msomaji ataona kwamba shauri hili si geni. Mama aliyeweka kitambaa cheupe juu ya kiti chekundu, na mfanyakazi aliyetundika mchoro wa rangi kali juu ya ukuta mweupe, walifuata kanuni hiyohiyo bila kuiandika: kile kisichobadilika kwanza, kinachobebeka baadaye.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba karo ya zamani imepita katika maana nne. Ilikuwa kwanza alama ya cheo cha Mzungu na mzigo wa boyi. Kisha ikawa urithi uliokaliwa na kujibiwa kwa michoro. Kisha ikawa kitu pekee kilichobaki. Na sasa ni mali ambayo mwenyewe aweza kuiamua. Maana hizi hazikufutana. Zimelala moja juu ya nyingine katika chumba kimoja.

Nyaraka za kampuni hutuambia ni matofali mangapi yalifyatuliwa na ni shaba kiasi gani ilitoka. Hazituambii ni nani alipanga sebule, wala aliita vitu vyake kwa majina gani. Habari hizo zimo katika nyumba na katika vinywa vya wazee, na vyote viwili vinapungua. Kwa hiyo twatoa pendekezo dogo kwa wanafunzi wetu na kwa wenye nyumba. Anayeamua kung'oa, na apige picha ya sakafu nzima kwanza, atenge karo nne zinazokamilisha mchoro mmoja, na amwulize mkubwa wa nyumba majina ya vitu vilivyokuwa chumbani. Kazi hiyo haizidi alasiri moja. Fundi akishaanza na nyundo, karo itakayookolewa itakuwa imerudia maana ya kwanza ya neno kigae.